Siku Winfrida Alipomuaga Elisha

Nyumba aliyoiacha marehemu mama yake iko Utemini, mjini Singida, ndani kidogo ya barabara, pale ambapo mawe makubwa yametokeza ardhini na watu wamejenga kwa kuyakwepa. Winfrida Antipasi alirudi kuishi humo mama yake alipopooza upande mmoja. Kabla ya hapo alikuwa Dar es Salaam, mhariri katika kampuni ndogo ya kuchapa vitabu vya shule, na wakubwa wake walipoona hawana mtu wa kumweka mahali pake, walimruhusu aendelee na kazi akiwa nyumbani. Walimpa kompyuta ya mapajani. Yeye akanunua rauta, akaiweka sebuleni juu ya kabati la vyombo, na waifai ikafika hadi chumba cha pili alichokifanya ofisi. Alifanya kazi mlango ukiwa wazi, ili mama akiita amsikie.

Mama alifariki mwaka jana, watu wakiwa wanavuna alizeti. Ndugu walikuja, wakakaa matanga, wakaondoka mmoja mmoja, na kila aliyeondoka alimuuliza Winfrida atarudi lini Dar. Alijibu kwamba atarudi akishapanga vitu. Vitu vikapangika, yeye akabaki. Mlango wa chumba cha kazi akaendelea kuuacha wazi, kwa mazoea tu.

Hakuwa mtu wa kujilalamikia. Jumapili alikwenda kanisani, Jumamosi sokoni, na njiani alisalimiana na watu kama mtu mwingine yeyote. Lakini salamu ni salamu, huisha mkipishana. Mazungumzo hasa, ya kuulizwa neno na kulijibu, aliyapata kwenye kompyuta. Kila asubuhi ya siku ya kazi wahariri walikutana kwa njia ya video, kila mmoja akiwa mahali pake, wakagawana kazi. Kikao kikiisha, wenzake walitoka, yeye akabaki na Elisha.

Elisha ndiye aliyekuwa akipanga kurasa. Alizaliwa Kiomboi, mkoa huohuo wa Singida, akaishia Dar kama wengi, ana mke na watoto watatu. Kazi yao ilikuwa kuupitia ukurasa mmoja baada ya mwingine, huyu akisoma kwa sauti na yule akirekebisha, na katika kusoma huko mambo mengine yalipita. Elisha alimuuliza kama upepo wa kiangazi umeshaanza. Alimuuliza kama bado anapika mlenda au amejifanya mtu wa mjini. Mama alipokuwa mgonjwa alimuuliza habari zake kila siku, tena kwa jina, na siku alipofariki Elisha alikuwa wa kwanza kupiga simu. Walikuwa wamefanya kazi namna hiyo kwa miaka mingi. Winfrida hakuwahi kulipa jambo lile jina lolote, kwa sababu halikuhitaji jina. Ilikuwa kazi, na ndani ya kazi kulikuwa na mtu.

Mwezi wa sita Elisha akasema anaondoka. Amepata nafasi kwenye ofisi nyingine, kubwa, ya mambo ya matangazo. Alilisema kikaoni mbele ya wote, na wote wakampongeza. Winfrida naye alimpongeza.

Wiki hiyohiyo ofisi ikaagiza kompyuta zote ziwekewe mfumo mpya wa uendeshaji, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa unafikia mwisho wa kuhudumiwa. Winfrida alifuata maelekezo. Kompyuta ilijizima na kujiwasha asubuhi nzima, ikamkaribisha kwa rangi mpya na picha ya milima asiyoijua, na kwa siku ile kila kitu kilionekana sawa.

Kesho yake ndipo waifai ilipoanza kukatika. Ilikatika kikaoni, ikarudi, ikakatika tena. Alama ya mtandao chini ya kioo ilikuwa pale ikiwa imejaa, kisha ghafla haipo, kisha ipo kama vile haikwenda popote. Winfrida aliizima rauta, akasubiri, akaiwasha. Ilitulia kwa muda wa kunywa chai, ikaanza tena. Aliihamisha kutoka juu ya kabati akaiweka dirishani. Alibeba kompyuta akaenda kukaa sebuleni karibu nayo kabisa, goti kwa goti, na bado ikakatika. Aliwapigia watu wa mtandao, wakamsikiliza, wakaangalia upande wao na kumwambia laini yake haina tatizo lolote. Akalaumu upepo. Mwezi wa sita Singida upepo unavuma kutwa, unapeperusha mabati na kujaza vumbi kwenye vikombe, na ilikuwa rahisi kuamini kwamba unaweza kupeperusha hata mtandao.

Lililomuuma hasa, ingawa hakulisema, ni kwamba kila alipotolewa kikaoni na kurudi, aliwakuta wanaendelea. Hakuna aliyekuwa amesimama kumwuliza amekwenda wapi. Mara moja alirudi akakuta tayari wameshakubaliana kitabu chake apewe mtu mwingine, na alipouliza, mkubwa wao, Bwana Hezekia, alimjibu kwa upole kwamba waliona amenyamaza wakadhani ameridhia.

Ijumaa ikawa siku ya kumuaga Elisha. Wale wa Dar walikusanyika ofisini na keki, wengine wakaunganishwa kwa video. Winfrida alivaa gauni lake la kitenge alilolivaa mara ya mwisho Krismasi, akafunga kilemba. Maneno yake alikuwa ameyatafuta tangu Jumatatu, akifagia, akichota maji, akiwa amelala chali anaangalia dari. Hakutaka kuyaandika, aliogopa yasingetoka kama yake.

Bwana Hezekia alisema machache, dada wa mapokezi akasema, kisha Winfrida akasikia anaitwa. Dada Winfrida wa Singida, karibu.

Akaanza. Alimwambia Elisha kwamba kazi ya kurekebisha makosa ni kazi ya kukaa peke yako na makosa ya watu, na kwamba yeye, Winfrida, hajawahi kuhisi yuko peke yake. Alimwambia kwamba wakati wa ugonjwa wa mama kulikuwa na siku ambazo sauti pekee iliyomwuliza habari yake ilikuwa ya Elisha, na kwamba pengine Elisha hakujua, alikuwa anauliza tu kama watu wanavyouliza, lakini yeye aliiegemeza siku nzima kwenye swali lile. Wote kwenye kioo walikuwa wametulia wanamwangalia. Elisha alikuwa ameshika kikombe, amekiinua nusu, uso umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza sana. Winfrida aliuona utulivu ule akapata moyo, akaongeza na mambo ambayo hakuwa amepanga kuyasema. Akamaliza kwa kumwombea heri.

Akangoja.

Kikombe cha Elisha kilikuwa palepale hewani. Jicho lake moja lilikuwa limefumba nusu. Nyuma yake mtu alikuwa amefungua mdomo na hakuufunga. Ndipo Winfrida alipoelewa kwamba picha imeganda, na haikuganda sasa hivi. Maandishi madogo yalijitokeza katikati ya kioo kusema kompyuta inajaribu kuunganisha. Hakuweza kujua iliganda lini. Pengine walisikia neno la kwanza. Pengine hata hilo hawakulisikia.

Alipofanikiwa kurudi, kikao kilikuwa kimefungwa. Baadaye kwenye kundi la simu zilitumwa picha za keki, na dada wa mapokezi akaandika, "Pole dada Winfrida, mtandao wa huko kwenu ulikutupa." Elisha aliandika kuwashukuru wote. Winfrida alisoma, akavua kilemba, akaenda kuteka maji ingawa ndoo zilikuwa zimejaa.

Picha zile za keki ndizo zilizomfungua macho. Jumamosi asubuhi alikuwa akiziangalia tena, zinafunguka bila shida, na akakumbuka kwamba simu yake nayo inatumia waifai hiyohiyo. Aliiweka simu kando ya kompyuta. Akacheza wimbo wa kwaya kwenye simu na kwenye kompyuta akafungua ukurasa wa habari. Kompyuta ikakatika, kwaya ikaendelea kuimba. Akarudia, ikawa vilevile. Kumbe rauta ilikuwa nzima. Laini ilikuwa nzima, upepo nao hauna kosa. Shida ilikuwa ndani ya kompyuta yenyewe, tangu ilipowekewa mfumo mpya.

Soko aliliacha siku hiyo. Alitafuta kwenye simu watu waliopata shida kama yake, akakuta ni wengi, wa kila nchi, wakilalamika maneno yaleyale. Akafuata ushauri wao mmoja mmoja. Kwanza aliiambia kompyuta iusahau mtandao wa nyumbani, akauunganisha upya kwa kuandika nywila. Haikusaidia. Kisha akakuta kwenye mipangilio kwamba mfumo mpya umejipa ruhusa ya kukizima kifaa cha waifai ili kutunza chaji, akaiondoa ruhusa hiyo. Hapo ikatulia kwa muda mrefu zaidi, akaanza kushukuru, ikakatika.

Kilichobaki ni draiva. Kwa maelezo aliyoyasoma, draiva ni programu ndogo inayoifanya kompyuta ielewane na kifaa chake, kama mkalimani kati ya watu wawili. Mfumo mpya ulikuja na mkalimani wake, na mkalimani huyo hakuijua vizuri kompyuta ya zamani kama yake. Kulikuwa na kitufe cha kumrudisha yule wa awali. Winfrida alikibonyeza, akaiwasha kompyuta upya.

Kwaya iliimba hadi mwisho, ukurasa wa habari ukafunguka, na mwingine, na mwingine. Ili kuwa na uhakika alifungua chumba cha kikao cha ofisi, kitupu siku ya Jumamosi, akakiacha wazi. Alipika, akala, akaosha vyombo, akarudi. Chumba kilikuwa bado wazi, bila kukatika hata mara moja, na ndani yake alikuwamo yeye tu, uso wake umejaa kioo chote, safi kabisa. Alijiangalia kwa muda. Akafunga.

Jioni jua likiwa bado halijazama, akampigia Elisha. Kelele za watoto zilisikika kwanza, kisha yeye.

"Dada Winfrida. Habari za Singida?"

Alimwambia habari ni nzuri. Akamweleza kuhusu draiva, na Elisha akacheka, akasema angemuuliza wiki nzima iliyopita wangeimaliza pamoja. Hilo lilikuwa kweli. Winfrida alikuwa ameona aibu kumsumbua mtu anayeondoka.

"Jana nilizungumza," akasema. "Niliitwa nikazungumza, halafu nikakuta mmeganda."

"Sisi tulikuona unatabasamu tu. Hezekia akasema mtandao umekukamata, akampa mwingine nafasi. Ulisema nini?"

Winfrida alikuwa amesimama uani, upepo unamvuta gauni. Alijaribu kuyakusanya maneno yale, akaona hayarudi kama yalivyokuwa. Yalikuwa yameshasemwa. Akasema, "Nilikushukuru kwa kuniulizia hali wakati mama anaumwa. Ilinisaidia kuliko unavyojua."

Upande wa pili kukawa kimya. Hata watoto hawakusikika.

"Elisha, upo?"

"Nipo, dada," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimekusikia."

Alimwambia kwamba hakujua, kwamba yeye aliona anauliza tu. Winfrida akamwambia anaelewa. Mtoto mmoja akaanza kulia, Elisha akasema atampigia, wakaagana. Alipiga kweli, mara moja, alipoanza kazi mpya, akamweleza kuhusu ofisi yenye baridi ya mashine na lifti. Baada ya hapo zikawa salamu za sikukuu kwenye simu, zile ambazo mtu humtumia kila mtu.

Mahali pa Elisha akaja binti anayeitwa Lucy, mwepesi wa mikono, mwenye adabu, ambaye aliona kusoma kwa sauti ni kupoteza muda. Makosa yalionyeshwa kwa maandishi pembeni ya ukurasa, Lucy akarekebisha, akaweka alama kwamba amemaliza. Kazi ikaenda haraka kuliko zamani. Kikao cha asubuhi kikiisha sasa, Winfrida alitoka pamoja na wengine, na nyumba ikawa kimya hadi kesho yake.

Alijitahidi kufanya kitu. Alimwambia Bwana Hezekia kwamba mtu akitoweka kikaoni isichukuliwe kwamba ameridhia, apigiwe simu. Bwana Hezekia akaona ni jambo la busara, wote wakakubali, na kama inavyokuwa, kazi ya kupiga ikamwangukia aliyeitoa rai. Basi mwenzao wa Morogoro akipotea, au wa Mbeya, Winfrida ndiye humpigia, humweleza wameishia wapi, humuelekeza akazime na kuwasha. Wanamshukuru sana.

Siku moja mwezi wa tisa umeme ulikatika Utemini yote katikati ya kikao. Rauta ikazima taa zake. Winfrida alikaa na simu mezani, kioo kikiangalia juu, akangoja apigiwe. Aliwaza kwamba watakuwa wamefika kwenye kitabu cha darasa la nne. Kisha watakuwa wamefika kwenye mengineyo. Kisha watakuwa wametoka.

Akainuka, akafunga mlango wa nje, akaenda nyumba ya pili kwa Mama Evodia, mjane wa makamo ya mama yake, aliyekuwa amekaa barazani akichambua choroko. Alimwamkia shikamoo, akamuuliza kama na kwake umeme umekatika, ingawa njia nzima alikuwa amesikia redio za watu zimenyamaza.

Mama Evodia aliitikia marahaba, akamtazama juu mpaka chini. Akasogeza ungo, akampa nafasi kwenye mkeka.

"Umekatika," akasema. "Kaa."

Winfrida akakaa, akashika choroko konzi moja, akaanza kutoa mawe.