Siku Tuliyokwenda Kupima Mkono wa Shangazi

Mimi ni mdadisi tangu utotoni, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Kuuliza si ujinga. Kwa hiyo shangazi aliposema ameitwa hospitali ya Masasi kupimwa mkono, nilijialika mwenyewe. Nilitaka kujua mkono wa mtu unapimwaje. Unga unapimwa, kitambaa kinapimwa, lakini mkono?

Shangazi alikuwa akibangua korosho kwenye kiwanda kidogo huku kwetu Newala, mpaka siku mashine ilipombana vidole vya mkono wa kulia. Vidonda vilipona, vidole vikabaki vimekakamaa. Sheria inataka aliyeumia kazini alipwe fidia, ila kwanza daktari aseme ameumia kiasi gani. Mwenye kiwanda alishatangaza kwamba mama huyu mzima, mbona sokoni anaonekana. Kiwandani hawakumtaka tena. Daktari naye akiandika kuwa amepona, basi, yamekwisha.

Nilidhani ataondoka kijijini kwetu Mkunya na sura ya mgonjwa. Wapi! Alioga, akajipaka mafuta, akavaa doti mpya ya kanga. Nikamwambia tunakwenda hospitali, hatuendi harusini. Akanijibu kwamba kwenda mbele za watu umejikunyata ni kutafuta kuhurumiwa, na yeye hajafika huko. Ndani ya basi nikamkumbusha kuwa mficha uchi hazai. Akageukia dirisha, akatazama mikorosho mpaka tunateremka.

Daktari alikuwa kijana, rika la mwanawe wa mwisho, tena mwenye adabu. Akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza mkono unaendeleaje.

"Unaendelea vizuri tu, alhamdulillahi," akasema shangazi.

Nikamwona kijana wa watu anaandika. Nilipandwa na hasira! Akauliza kama anapika, anapika. Kufagia je? Anafagia. Na shamba? Analima. Wala hakuwa anadanganya, maana hakuna kazi aliyoiacha. Ila hakusema kwamba palizi ya asubuhi moja siku hizi inamchukua kutwa nzima. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akaniuliza palepale, mbele ya daktari, namkanyagia nini.

Ikaja zamu ya vipimo, na hapo, nikiri, hasira ilinipungua kwa utamu wa mambo. Daktari alikuwa na kirula cha plastiki cha kupimia pembe, kama kile cha shuleni, akakilaza juu ya kila kiungo cha kidole na kumwambia akunje. Nikauliza maswali mpaka kijana akacheka. Akanieleza kwamba vidole havilingani mbele ya sheria. Kidole gumba kina uzito kuliko kile cha mwisho, kwa kuwa bila gumba hushiki kitu. Nikaanza kutazama vidole vyangu kimoja kimoja. Miaka yote hiyo nilivichukulia sawa tu.

Lakini vipimo na majibu vilikuwa havielewani. Vidole havikunjiki, na mwenye vidole anasema anafanya kila kitu. Daktari akaweka kirula chini.

"Mama, ugali unakula kwa mkono gani?"

Nilifungua mdomo nimjibie shangazi, daktari akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Wa kushoto," akasema mwishowe.

"Na nyumbani wanasemaje?"

"Nani wa kusema? Wajukuu nimewakataza mwenyewe kula kwa kushoto. Nawapakulia, halafu naingia jikoni, nafunga mlango."

Sikujua. Mimi ninayejua nani kanuniana na nani kuanzia Mkunya hadi Lupaso, sikujua kwamba shangazi yangu anakula amejifungia. Kwetu chakula ni sinia moja, watu wamelizunguka, na anayekula peke yake tunamwita mchoyo. Nilimwonea uchungu, na nikajionea aibu kwa kuwa maswali yangu yote ya njiani hayakuwahi kufika hapo.

Daktari akapiga mstari juu ya aliyoyaandika, akaanza upya. Safari hii hakuuliza, alimpa vitu. Kikombe cha maji kilimponyoka. Kifungo cha koti jeupe la daktari kilimshinda. Ufunguo wa mlango ulikataa kuzunguka, akausukuma na kuusukuma mpaka jasho likamtoka usoni. Kila kikimshinda kitu alikuwa akiomba arudie, kama mwanafunzi kwenye mtihani, na daktari akamwacha arudie. Mimi nilitazama sakafu.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la nje, akanipa nakala yetu ya ripoti ya daktari nimsomee. Nikasoma polepole, bila kuongeza wala kupunguza. Mkono wa kulia hauwezi kushika. Hauwezi kubana. Hautarudi ulivyokuwa. Nikamwambia hapo mwenye kiwanda hana pa kuchomokea, na kwa kweli nilikuwa nimefurahi, nikatazamia naye afurahi.

Alikuwa ameuweka mkono pajani, anautazama.

"Kumbe niliumia hivi," akasema.

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu ile mashine imbane.