Nyanya Zilizoota Mizizi Hewani

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Mtu akinisalimia mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka nini. Kwa hiyo siwezi kumshangaa sana mama mkwe wangu kwa kunishuku. Nilikuja Karatu kutoka Singida kuchuma kahawa, nikaolewa na mwanawe wa pekee bila yeye kuulizwa vizuri, na kila jioni nilirudi nyumbani na unga mweupe kwenye kucha.

Unga ule ulikuwa wa kitalu. Baada ya msimu wa kuchuma kwisha, shamba lilinihamishia huko, juu karibu na msitu wa Ngorongoro, kwenye ukungu usiotoka mpaka saa nne. Tulikuwa tunaotesha miche ya kahawa kwa vipandikizi. Unakata kipande cha chipukizi, unachovya sehemu ya chini kwenye unga, unakigonga ili uliozidi udondoke, kisha unakichomeka kwenye mchanga wenye unyevu na kukifunika kwa nailoni. Wiki zinapita. Siku moja ukikivuta kidogo kinakataa kutoka, na hapo unajua kimeshika.

Mwanzoni niliushuku hata huo unga. Kitu gani hicho kinachoweza kukiamuru kijiti kiote mizizi? Bwana shamba wa kitalu, mwanamume mpole aliyependa kueleza mambo kuliko kusimamia kazi, aliniambia hakuna uchawi hapo. Mti wenyewe unatengeneza kitu kinachoitwa homoni kule juu kwenye ncha changa. Kinashuka polepole ndani ya shina, na kikifika palipokatwa hakina pa kwenda, kinajikusanya. Kinapojikusanya ndipo mizizi inapoanza. Unga wetu ulikuwa wa kuongezea tu kile ambacho kijiti tayari kinacho.

"Ndiyo maana ukikipanda kichwa chini kinasumbua," alisema. "Na ukizidisha unga, unakiunguza. Amri ikizidi, mmea unachanganyikiwa."

"Na mtu akiula?" niliuliza.

Alicheka, lakini sikuona kama alinijibu. Tangu siku hiyo nilinawa mikono mara mbili kabla ya kumnyonyesha binti yangu, na bado weupe ulibaki kwenye kucha, na mama mkwe aliuona.

Kitaluni palikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Bomba la kupulizia dawa ya magugu lilipakwa rangi nyekundu, na lilikuwa haliruhusiwi kuvuka mlango wa kitalu, hata likiwa tupu, hata likiwa limeoshwa. Bwana shamba alisema dawa ile ya magugu ya majani mapana ni homoni hiyohiyo ya kuigiza, ila kali na isiyo na kipimo. Mahindi na ngano huistahimili. Mimea mingine inaanza kukua kama kichaa, inajinyonga yenyewe, inaota mizizi pasipo na udongo.

Nyumbani hatukuwa na rangi nyekundu. Tulikuwa na bomba moja kwa kila kazi, limetundikwa kwenye msumari ghalani.

Mama mkwe alikuwa na bustani ya nyanya nyuma ya nyumba, na wapishi wa hoteli za watalii walikuja kuchukua nyanya zake wenyewe, hawakungoja azipeleke sokoni. Alizipenda kuliko alivyonipenda mimi, na hilo hakulificha. Asubuhi moja nilimsikia akipiga kelele huko nyuma. Nilipofika nilikuta vikonyo vya majani vimepinda kuelekea chini, majani ya juu yamekuwa membamba kama nyuzi, mashina yamevimba na kupasuka. Na kwenye mashina, juu kabisa ya udongo, vilikuwa vimetokeza vipele vyeupe. Aliinama akavigusa kwa kidole.

"Mizizi," alisema. "Mizizi inaota hewani."

Kisha akanitazama mikono.

Angenitukana ningejua la kumjibu, maana mdomo ninao. Badala yake alianza kujipikia chai yake. Maji ya kuoga aliyachota mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu. Majirani walipokuja kuangalia nyanya, waliongea Kiiraqw, lugha yao, na nilipotokea waligeukia Kiswahili na kuanza kusifia mvua. Hakuna anayesifia mvua kwa sauti kubwa namna ile.

Nami, kwa kuwa sina roho nzuri nikibanwa, nilianza kumshuku yeye. Nilijiambia kaziharibu mwenyewe apate sababu ya kunifukuza. Nilijua mwisho wa jambo hilo ungekuwaje: mimi ningerudi Singida na begi langu, na binti yangu angebaki, kwa sababu huku mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Sikulala vizuri. Kila nikimtazama mtoto nilihisi kama ameshaanza kuchukuliwa.

Lakini vile vipele vyeupe vilinisumbua. Bwana shamba alikuwa ameshanieleza kuvihusu. Nilikwenda ghalani, nikashusha bomba, nikafungua kifuniko na kunusa. Harufu ile ninaijua, inakwama kooni. Nikamfuata mume wangu zizini.

"Ulipomaliza kupiga dawa ya magugu kwenye mahindi, bomba uliliosha?"

"Nililimwaga," alisema.

Kumwaga si kuosha. Mama yake alilikuta limetundikwa, akatia maji na busta, ile mbolea ya kupulizia majani, akapulizia nyanya zake kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, shina kwa shina, kwa upendo wote alionao. Nilimweleza mume wangu hivyo. Alianza kukuna shingo ya ng'ombe.

"Usimwambie," alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Simlaumu mtu kwa kumwogopa mama yake, wangu pia ni mkali, lakini nililaumu kimya chake, kwa sababu kilikuwa kinanila mimi.

Siku chache baadaye mama mkwe alitangaza, wakati tunakula, kwamba Jumapili akitoka kanisani atapitia kwa wazee. Anataka wamtolee aliyeharibu nyanya lile apizo lao wanaloliita lo'o. Hilo apizo halihitaji jina la mtu. Linaachiwa Looa, Mungu wao anayeona kama jua linavyoona, limtafute mkosaji popote alipo, na wanaamini likimpata halimwachi, wala haliwaachi watoto wake na mifugo yake. Halichagui kati ya aliyekusudia na aliyesahau. Mimi ni Mkristo, lakini niliogopa. Mkosaji alikuwa amekaa pale, anamega ugali, na mtoto wake alikuwa mapajani mwangu.

"Mama, usiende," nilisema.

Aliweka tonge chini. "Kwa nini nisiende?"

"Nakuomba tu."

"Asiye na kosa haogopi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea." Alimgeukia mwanawe. "Umesikia mke wako?"

Mume wangu alisikia. Aliendelea kutafuna.

Nikaona maneno hayatanisaidia, bora ajionee kwa macho. Kesho yake asubuhi nilimwita nyuma ya bafu, palipokuwa na mche mmoja wa nyanya uliojiotea, mzima, unang'aa. Nilitia maji safi kwenye bomba mbele yake. Alikagua ndoo, alikagua hata vidole vyangu. Nikatikisa, nikapulizia ule mche.

"Maji matupu," nilisema. "Tutazame jioni."

Jua lilipoanza kuelekea msituni vikonyo vilikuwa vimeshaanza kujikunja kuelekea chini, kama vya wenzake. Nilisimama pale nikijisikia mshindi. Nikaanza kumweleza kuhusu dawa iliyobaki bombani, homoni, ncha changa, amri iliyozidi kipimo, yote niliyofundishwa. Aliniacha nimalize.

"Kwa hiyo unajua kuifanya," alisema. "Maji matupu, mkono wako, na mmea unakufa. Nilikuwa nadhani tu. Sasa nimeona."

Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilileta ushahidi wangu mwenyewe, nao ukanifunga mimi mwenyewe. Nilirudi ndani nikaanza kukunja nguo za mtoto, kwa sababu niliamua kwamba kama ni kuondoka, ningeondoka naye kabla ya Jumapili, na anayetaka kunizuia azuie. Mume wangu alinikuta hapo. Aliziangalia nguo, akaniangalia mimi, akatoka nje tena. Nilimwona dirishani amesimama chini ya ukuta wa ghala, mikono mfukoni, hajui pa kuiweka miguu yake.

Jumapili ilifika kabla sijapata gari. Mama mkwe alirudi kutoka misa, hakuvua viatu. Alijifunga shuka lake la kutokea, akachukua fimbo. Mume wangu alikuwa uani. Mama yake alimpita, akafika kwenye mlango wa boma, akasimama. Sijui ni nini kilichomsimamisha. Labda alikuwa ameufikiria ule mche siku zote hizo, kama nilivyokuwa nikiufikiria mimi. Aligeuka akamwuliza mwanawe kwa Kiswahili, ili nami nisikie:

"Lile bomba, kabla sijalichukua mimi, alilitumia nani?"

"Aayo," mume wangu alianza, akimwita mama kwa lugha yao, kisha akaishiwa. Aliinamisha kichwa, mtu mzima mwenye ndevu, akabaki akitazama vidole vya miguu yake.

Mama mkwe alimtazama. Macho yake yalihama yakaja kwangu mlangoni, na kwa mtoto niliyembeba, kisha yakarudi kwa mwanawe. Hakunitaka radhi. Wala hakusema kwamba nilikuwa nimemwambia kweli.

Alirudi uani polepole, akaegemeza fimbo ukutani, akaketi kwenye kigoda na kuanza kufungua shuka.

"Mguu unaniuma," alisema. "Kwa wazee ni mbali. Sitakwenda."

Nilikuwa nimemwona akirudi kutoka kanisani kwa miguu, bila kuchechemea. Mguu wake haukuwa na lolote. Lingekuwa kosa langu, angekwenda hata kwa kutambaa.