Jamii ya Mtu Mmoja

Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilinikuta rimandi. Nilisikia matone ya kwanza kwenye mabati, yale makubwa makubwa, nikajua nimekwisha. Ukambani mvua hairudi kuuliza kama ulikuwa na shughuli. Mbegu zangu za kunde na mbaazi zilikuwa nyumbani kwenye debe, zimepakwa jivu, na mimi mjane sina wa kunipandia. Nilikuwa nimekalia blanketi ya chawa waliofungwa kabla yangu. Wenzangu waliimba kushukuru mvua. Mimi nililia mpaka kamasi.

Kilichonipeleka huko ni beberu. Jirani yangu, mwenyekiti wa kina mama kanisani na mwenye kibanda cha chai sokoni, alipoteza beberu akaambia polisi ameniona nikimvuta. Kortini nikakana. Hakimu, sina neno naye, alisema dhamana ni haki yangu, kwa kuwa mtu si mwizi mpaka kesi iamuliwe. Nikaanza kukaza leso niende. Kumbe bado. Afisa wa probesheni aende kwetu kwanza, aulize jamii kama nitatoroka na kama wananitaka. Nikarudishwa ndani.

Baada ya wiki mbili ripoti ikasomwa: jamii ina hasira na mshukiwa, tena anaweza kutoroka. Nitorokee wapi? Mbali kabisa nimefika ni Mtito Andei, na nilitapika njia nzima. Dhamana ikakataliwa.

Jinsi jamii ilivyoulizwa, nilikuja kuambiwa na mwenye bodaboda aliyembeba afisa. Jua lilikuwa kali, kwangu ni mlimani, na kibanda cha kwanza sokoni kilikuwa kinanukia chapati.

"Mama, unamjua huyu mwanamke?" afisa akauliza.

"Namjua kuliko aliyemzaa," jirani akasema. "Kula kwanza, mwanangu, ndio nikwambie."

Akala tatu, akaandika. Naibu wa chifu akapigiwa simu, akasema anakubaliana na vile mama amesema. Hata hakuuliza ni mama gani.

Beberu alipatikana Januari. Alikuwa Migwani kwa wakwe, amenenepa. Mume wa jirani ndiye alimpeleka kwa siri, aongezee mahari ya kijana wao, maana mke wake alikuwa amekataa. Na kila Jumapili mzee huyo alikaa kanisani akisikia mke wake akiombea roho yangu iliyopotea, akaitika amina. Kesi ikaondolewa. Nikaambiwa niende nyumbani, kama mtu aliyekuwa matembezi.

Debe langu lilikuwa limebaki wadudu na jivu. Shamba langu lilikuwa magugu, la jirani limejaa kunde. Aliniletea kikapu akasema tusahau, sisi ni wa Mungu mmoja. Kunde nilikula, njaa haina kiburi. Kusahau nimekataa.

Jirani alidanganya, mume wake akanyamaza, naibu wa chifu akaitikia. Hao nakutana nao kisimani, wananijua. Ninayemtaka ni wewe afisa. Njoo. Mlima bado uko, na bodaboda wanaupanda. Njoo usome ripoti yako hapa uani kwangu, kijiji kizima kikiwa kimekaa, halafu unyooshe kidole utuonyeshe ni nani mwingine uliyemuuliza. Chai sitakupa.