Kioo cha Lakhuben chasubiri jibu kutoka kusini

Saa mbili asubuhi, Lakhuben Surela anasimama kwenye tuta la jaruba lake la chumvi, miguu myeupe kwa chumvi hadi magotini. Anainua kioo kidogo cha kunyolea cha mumewe, anakinga nacho mwanga wa jua, anauelekeza kusini. Anasubiri.

Kusini kimya.

"Mara ya nne hiyo, mama Hansa," anasema mumewe, Bhudarbhai. "Utalichosha jua la watu."

"Vuta reki yako huko! Kwani anayejifungua ni mwanangu peke yangu?"

Hansa, binti yao wa pekee, yuko kwa wakwe zake, kilomita tisa ndani ya Rann, jangwa la chumvi la Gujarat. Jana jioni dereva wa tangi la maji aliwaletea habari kwamba uchungu wa mimba ya kwanza umeanza.

Mtandao wa simu haufiki huku. Waagaria, wavuna chumvi wa jangwa hili, huitana kwa vioo. Mmweko mmoja: tumeamka salama. Miwili: njooni haraka. Mitatu: mtoto amezaliwa, yeye na mama yake wazima.

Si angeenda tu? Chumvi haimpi ruhusa.

"Jaruba hili linataka watu wawili," anasema Lakhuben. "Siku moja tu usipolikwatua lote kwa reki, punje za chumvi zinashikana zinakuwa jiwe. Zimebaki siku sita tuvune. Miezi saba ya mgongo wangu iko humu." Tani moja huwapatia rupia mia tatu.

Nimeishi na watu hawa miaka kumi na mmoja, na bado nchi hii hunishangaza. Mvua zikija, yote huwa bahari. Maji yakiondoka hakibaki kigingi wala tuta, ni weupe mtupu hadi mbingu inapoanzia. Hata hivyo kila familia hutembea moja kwa moja mpaka kwenye jaruba lake, bila kuuliza mtu. Nilimwuliza Lakhuben anajuaje.

"Wewe kwenu unapajuaje?" alinijibu.

Saa nne kasoro, kusini panamweka. Mara moja. Lakhuben anaachia reki. Mara ya pili.

Anashika kichwa. Bhudarbhai hana mzaha tena.

Mara ya tatu.

"Mitatu! Umeona? Sema umeona!"

"Nimeona, mama Hansa. Nimeona." Mzee wa watu analia waziwazi.

Lakhuben anajibu kwa kioo. Ndipo mashariki panamweka. Kisha kaskazini. Kisha kila upande: majirani wa kilomita na kilomita, ambao kumbe nao walikuwa wakitazama kusini tangu alfajiri. Jangwa zima linawaka vioo.

"Nenda," anasema Bhudarbhai. "Mtoto wa jirani atanisaidia kukwatua."

Lakhuben anafunga mikate ya uwele na pilipili kwenye mtandio wake wa kichwani, na kioo juu yake. Anasema atakaa siku tano na kurudi kwa mavuno, na kioo atamwachia mjukuu.

"Sasa mimi nitanyolea nini?" anauliza mumewe.

"Fuga ndevu, babu," anamjibu, akiwa ameshaanza kutembea. "Na kesho asubuhi tazama kusini."