Nilipanga couples za harusi na command ya paste, nikapewa sista yangu

Wakuu, niaje. Hii nawaletea ikiwa bado inauma, na sijaongeza chumvi. Nikidanganya laptop ifie hapa hapa.

Boy wangu, rafiki wa karibu, alikuwa anaoa hapa Kihoto, Naivasha. Sisi wa line-up, wale wa kuingia na maharusi tukidance wawili wawili, tulikosana hata kabla ya practice, kila mtu anataka kudance na mtu wake. Mama Shiro, mwenyekiti wa kamati, akachoka na kelele. Akasema si mimi ni mtu wa computer, basi nipange.

Ee, hiyo maneno nilikuwa naingoja.

Kwa sababu kulikuwa na Chebet wa Ndabibi. Akicheka unasahau ulikuwa unasema nini. Nilikuwa nampenda vibaya na sijawahi kumwambia kitu zaidi ya salamu.

Kwa wale hawajui, Linux iko na command inaitwa paste. Unaipatia files mbili, inaunganisha line ya kwanza ya huku na line ya kwanza ya kule, ya pili na ya pili, hadi chini. Haina maswali.

Nikaandika file ya wanaume, mimi juu kabisa. File ya wasichana, nikapiga Enter pale juu nipate nafasi, nikamweka Chebet.

Jumamosi ya practice, watu wote wakiwa kanisani, nikaweka laptop kwa projector. Nikawatangazia computer haina upendeleo, ikisema imesema. Nikapiga:

paste wasee.txt wasichana.txt

Majina yakajipanga ukutani.

Jina langu lilikuwa limepangwa na hewa. Chebet alikuwa ameshuka line moja, ameangukia Kamau, yule wa kujipulizia marashi mpaka choir inakohoa. Kila msichana ameshuka, na huko chini kabisa amebaki mmoja bila mwanaume.

Nekesa. Sista yangu, tumbo moja.

Kumbe na hiyo haraka yangu nilikuwa nimeacha line tupu juu ya Chebet. Kwa paste, line tupu nayo ni mtu.

Nikasema wacha nirudie, kuna kitu imekwama. Kamau akakataa, ati nataka kuiba kura. Mama Shiro hata hakuinuka kwa kiti.

"Wewe na dadako ndio mmebaki. Shikaneni tuendelee."

Wakuu, niliskia uchungu. Mimi na Nekesa tumepigania remote maisha yetu yote, sasa tunaambiwa tuangaliane machoni tukitabasamu. Alinikanyaga makusudi wimbo mzima.

Nikamkiria plan yangu yote, na huyo mdomo wake haufungi. Siku ya harusi, nikingoja pilau, Chebet akaja akasimama kando yangu. Nekesa alikuwa amemwambia yote, mpaka ile Enter niliyopiga.

"Si ungeniuliza tu," akasema. "Ningekubali. Sasa Kamau ameniomba namba, nikampa."

Akachukua sahani yake akaenda.

So wadau, kabla ya paste, toa line tupu na sed '/^$/d'. Lakini kama ni mtu unamtaka, wacha terminal, fungua mdomo.

Haya, nichekeni. Mkimaliza, mwenye akili aniambie: nimtafute, ama hiyo imeenda?

Na kama unamjua Kamau, tafadhali usimtag.