Kiraka cha Kizimba cha Nne

Pale Lualaba inapotulia kabla ya kupinda, si mbali na Kasongo, ushirika wa wafugaji una vizimba sita vya tilapia, na nyavu zote sita zimepita mikononi mwa Mama Marguerite. Kazi hiyo alifundishwa na baba mkwe wake, na watu wa mtoni walizoea kusema kwamba wavu ulioshonwa katika nyumba ile huzeeka bila kufumuka. Mume alipofariki hakumwachia mali nyingi. Alimwachia sifa hiyo, naye aliitunza kama wengine wanavyotunza shamba.

Mwezi wa pili, samaki wa kizimba cha nne walitoweka karibu wote. Lawama zikamwangukia Nourdine, mlinzi, ambaye wiki ile ile alikuwa ameonekana na redio mpya. Sokoni walimwambia redio yake inanuka samaki. Papa Octave, rais wa ushirika, alisema hatamfukuza mtu kabla ya wavu kuonekana. Lakini mto ulikuwa umejaa, maji mazito kama uji, na hakuna mpiga mbizi aliyekubali kushuka. Ndipo akaitwa Kavira, fundi wa kike kutoka Butembo, akafika na roboti yake ndani ya sanduku, nyuma ya pikipiki.

Ilikuwa kubwa kama mbuzi mchanga, yenye taa mbili, kamera na mkono mmoja wa chuma. Kavira aliishusha majini kwa kebo, na wote wanne, yeye, Papa Octave, Nourdine na Mama Marguerite, wakainamia skrini ndani ya mtumbwi. Alieleza kwamba mkono ule hubana tundu kwa vibanio mpaka fundi wa nyavu afike. Mama Marguerite aliona binti huyu ana adabu, kwa kuwa kazi ya kushona alimwachia mwenyewe.

Kisha tundu likaonekana, pana kama mlango wa banda la kuku, kingo zake zimenyooka.

Papa Octave alishusha pumzi. "Hii ni kisu. Mamba hakati hivi."

Nourdine alishusha macho. Alitazama miguu yake tu.

Mama Marguerite ndiye peke yake aliyejua kusoma kingo zile. Kabla ya kutia kiraka, fundi hukata kwanza sehemu iliyochanika, akainyoosha kwa kisu, ndipo anashona. Pale palikuwa na kiraka chake cha mwezi wa kumi na mbili. Msimu huo vidole vilikuwa vikimuuma, akapaka uzi wa nailoni mafuta ya mawese uteleze mkononi, kama baba mkwe alivyofanya zamani kwa kamba za magome ya miti. Kamba ya magome hunywa mafuta ikakaza. Nailoni hainywi kitu. Mafundo yalikuwa yameteleza moja baada ya jingine, na kiraka kikaenda na mto.

Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Jina la nyumba lingebaki safi, na Nourdine angerudi kijijini kwao, Wamaza, akiitwa mwizi.

"Papa Octave, ile kisu ni yangu," alisema.

"Mama, usimufunike huyu kwa huruma."

"Si huruma. Kavira, sogeza kamera kwenye kona."

Uzi ulikuwa unaning'inia pale, mzima, umejikunja kila mahali palipokuwa na fundo. Haukukatika popote; mwizi angeukata. Mama Marguerite alieleza habari ya kisu na ya mafuta polepole, bila kupunguza neno, hata alipomtaja baba mkwe.

"Aksanti, mama," Nourdine alisema.

"Usinishukuru. Mimi pia nilikuita mwizi."

Papa Octave alikohoa, akasema kwa upole kwamba maneno haya yanaweza kubaki humu mtumbwini. Alimheshimu marehemu mume wa mama huyu. Mama Marguerite aliwatazama wanawake waliosimama ukingoni wakingoja habari, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Viraka vya mafuta viko tisa," alisema. "Hiki kimoja. Tutazame vinane vingine, na watu waone."

Roboti ikabana tundu, kisha ikaanza kuzunguka vizimba. Kiraka cha kwanza kilikuwa kimekaza. Cha pili pia. Kwenye cha tatu fundo moja lilikuwa limelegea. Akamwomba Kavira asimame hapo, akavua kitambaa chake na kukifunga kwenye kamba ya juu ya kizimba kiwe alama ya kiraka kibovu, mahali ambapo hata mtu wa ukingoni angekiona.