Watu Wazima Wawili wa Kanyosha

Mama aliolewa tena nikiwa na miaka thelathini na tisa, nikahamia naye Kanyosha kwa mumewe kama mtoto anayebebwa mgongoni. Mimi ni mtoto wa pekee. Nauza viatu vya chagua, vile vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya, na kila jozi naihesabu mara mbili, maana kiatu kimoja hakina mnunuzi. Nilidhani nyumbani tutakuwa watatu. Nikahesabu tena: wanne. Mzee naye alikuwa na kijana wake ndani, wa miaka arobaini na mmoja, karani wa ofisi moja huko Kigobe, upande mwingine wa mji, hana mke, kama mimi.

Sebule ilitushinda kugawana. Yeye aliingia kuoga na telekomande ya televisheni ili nisibadilishe chaneli. Mimi nilitafuna mkia wa samaki wake, nikamwambia mama ni paka. Hatukuwa na paka.

Jumapili moja karani huyo alileta filamu ya kuchekesha kwenye flashi. Ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo akawa anamtafsiria mama. Wanaume wawili wenye vitambi, baba wa mmoja kaoa mama wa mwingine, wanagombania mto wa kulalia mpaka manyoya yanajaa chumba. Mama alicheka hadi akafuta macho kwa kitenge. Mzee, ambaye hacheki ovyo, alipiga goti lake. Sauti ya mtafsiri wetu ikaanza kushuka, kisha akanyamaza.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" mama akamwuliza.

"Wanasema mambo ya kitoto tu, mama."

"Hapo hata usitafsiri," mzee akasema. "Hapo ni kwetu."

Sisi wawili tukatazama ukuta.

Tangu siku hiyo tukawa watu wazima. Telekomande ikalala mezani haina mwenyewe. "Chukua we, kaka." "Apana, chukua we." Samaki akabaki na mkia wake. Nyumba ikawa na adabu ya chumba cha kungojea daktari, nami nikawa narudi kutoka sokoni sina wa kuniudhi. Kumbe ule ugomvi ndio uliokuwa undugu wetu. Sikuwahi kuwa na ndugu. Ningeulinganisha na nini?

Kisha mwenzangu akasema amepata chumba Kigobe, karibu na kazi. Mtu wa umri wake, alisema, hawezi kukaa kwa baba. Asubuhi alipotoka na godoro kichwani, nilisimama langoni. Sokoni mteja akiondoka humwiti. Unamwacha apite meza mbili, atageuka mwenyewe. Nikamwacha apite nyumba ya kwanza, na ya pili. Hakugeuka. Nikaita.

"We, rudi."

Akasimama. "Unatoa nini?"

"Telekomande."

"Siku zote?"

Nilitaka kusema siku zote. Lakini mdomo wangu umelelewa sokoni. "Siku tatu," nikasema, "na Jumapili tutazungumza."

Akacheka kile kicheko cha zamani, hadi godoro likayumba. "Mutu huyu," akasema. "Hata mi unanipunguzia."

Nikangoja ataje bei yake. Angesema sita ningesema tano, angeshusha godoro, tungeingia ndani tukibishana. Hakutaja.

"Nitarudi," akasema, akaendelea na njia.

Neno hilo nalisikia sokoni kila siku. Anayesema nitarudi simwekei hata kamba ya kiatu.

Juzi mzee alipata mwanafunzi wa kupanga kile chumba kilichobaki tupu. Nikamwambia kina mwenyewe.

"Nani?"

"Kaka yangu."

"Alihama huyo. Ulimwona mwenyewe na godoro."

"Nilimwona."

"Basi we utalipa? Mwanafunzi ananipa pesa kila mwezi."

Akataja bei, nikaitoa yote. Jumamosi nakifagia chumba, ingawa hakuna wa kukichafua.